Mdudu anajuaje kuwa hili ni shamba la mahindi? Maswali ya wakulima wa Tanga kuhusu wadudu na mimea wanayoichagua

Maswali haya yametoka kwa wakulima wa Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe na kule juu Lushoto. Mengine nimeulizwa shambani, mengine kwa simu usiku, mtu akiwa bado na uchungu wa kuona mahindi yake yametobolewa. Karibu yote huanza na "nipige dawa gani?" Mimi huomba turudi nyuma kidogo. Kabla hujamwona kiwavi, mama yake alishafika shambani, akakagua, akaridhika, akataga. Hapo ndipo hasara ilipoanzia, na hapo ndipo mkulima ana nafasi kubwa ya kuingilia kabla hajatoa hela ya dawa.

Je, mdudu anachagua kweli, au anatua popote upepo unapomtupa?

Inategemea ni mdudu gani. Inzi weupe na vidukari ni wepesi mno, upepo unawachukua wapende wasipende. Lakini wakishatua, kuchagua kunaanza: wanachoma mdomo kwenye jani, wanaonja, na wasiporidhika wanaruka tena. Nondo anayezaa bungua wa mabua, yaani kiwavi anayetoboa bua la mahindi, au yule wa viwavijeshi, ana nguvu za kuruka akiukabili upepo, na yeye huanza kuchagua akiwa bado angani.

Tena ni wachaguzi kuliko tunavyodhani. Kati ya wadudu wote wanaoishi kwa kula mimea, wale wanaoweza kula mimea ya zaidi ya familia tatu hawafiki asilimia 10. Waliobaki wana ukoo mmoja, miwili au mitatu ya mimea, wengine mmea mmoja tu. Ukiona shamba lako limevamiwa, jua kwamba kuna kitu kimewaambia kuwa hapa ndipo.

Nondo anatembea usiku. Anauonaje mmea gizani?

Anaunusa. Pua yake ni zile papasi mbili kichwani. Kila mmea unaachia hewani mchanganyiko wa kemikali nyepesi, mchana na usiku, hata kama sisi hatusikii harufu yoyote. Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba nyingi ya kemikali hizo zinatoka kwenye mahindi, kwenye kunde, hata kwenye nyasi za kando ya barabara. Tofauti iko kwenye kipimo. Viungo vya pilau na vya biriani karibu ni vilevile, lakini mtu wa Tanga hahitaji kufunua sufuria ili ajue kinachopikwa. Nondo naye anatambua mmea wake kwa uwiano wa harufu zile zikimfikia kwa pamoja. Akiipata, anaruka kuelekea upepo unakotoka. Akiipoteza, anayumba kushoto na kulia mpaka aikamate tena.

Wadudu wa mchana wanatumia pia macho. Inzi weupe na vidukari huvutwa na rangi ya njano na kijani kinachoelekea njano, na ndiyo sababu ya zile karatasi za njano zenye gundi unazoziona zimening'inizwa kwenye nyumba za kuoteshea nyanya. Vithiripi wengi hupenda buluu. Lakini rangi inamfanya mdudu atue tu. Hatakaa kwa ajili ya rangi.

Akishafika kwenye jani, anahakikishaje kuwa hajakosea?

Hili linaonekana kwa macho, na ningependa kila mkulima wa michungwa alitazame walau mara moja. Kaa kando ya miche ya malimau au machungwa asubuhi, jua likishapanda. Atakuja kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, asiyetulia. Akifika kwenye jani hakai akatulia kama anapokuwa kwenye ua. Anaendelea kupiga mabawa huku miguu yake ya mbele ikiligonga jani haraka haraka. Miguuni pale ana vinyweleo vya kuonjea: anaonja jani kwa miguu. Akiridhika, anaukunja mkia wake chini na kubandika yai moja tu, la mviringo, lenye rangi ya njano iliyopauka, kwenye jani changa au kwenye ncha ya tawi. Asiporidhika anaondoka, anakwenda kugonga jani jingine. Yote hayo ni sekunde chache.

Kiwavi anayetoka kwenye yai hilo anafanana na kinyesi cha ndege, mweusi mwenye doa jeupe, na wengi wanampita bila kumshuku. Akikua anakuwa wa kijani, na ukimgusa anachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Kwenye mti mkubwa mwache, hauwezi kufa kwa sababu yake. Kwenye kitalu cha miche mtoe kwa mkono, maana kiwavi mmoja anaweza kuumaliza mche mdogo.

Wanakijiji wa Usambara Mashariki waliofuga vipepeo kule Amani na kuuza pupa nje ya nchi, kabla Serikali haijazuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, wanalijua jambo hili kwa undani. Huwezi kufuga kipepeo kabla hujapanda mti wake. Kila aina ina mmea wake, na ukimpa mwingine hatagi, au anataga na viwavi wanakufa.

Kwa nini kiwavi wa kabichi hagusi mahindi yaliyo jirani yake?

Kwa sababu mahindi hayana ladha anayoitafuta. Kabichi, sukuma wiki, chainizi, figiri na haradali ni ukoo mmoja, na zote zina kemikali ziitwazo glukosinoleti. Ndizo zinazoleta ule ukali unaopanda puani ukila haradali. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa Uholanzi aitwaye Verschaffelt alipaka kemikali hiyo kwenye majani ya mimea ambayo viwavi wa kabichi hawaigusi, nao wakayala. Hawakuwa na shida na jani lenyewe. Walikuwa wanasubiri ladha.

Nusu karne baadaye, mwaka 1959, mtaalamu wa wadudu Gottfried Fraenkel aliandika kwamba kemikali za namna hii hazimlishi mmea wala hazimkuzi. Kazi yake ni ulinzi. Mmea umejiwekea sumu ili usiliwe. Wadudu wengi wakaishia hapo, wakaacha. Wachache wakaizoea, na kwao ile sumu ikawa kitambulisho: ikiwepo, huu ndio mmea wangu, na washindani ni wachache. Nondo wa kabichi anayewasumbua watu wa Lushoto ana kimeng'enya tumboni kinachoizima sumu hiyo kabla haijakolea. Huyuhuyu ndiye aliyeripotiwa kule Java mwaka 1953 kuwa dawa ya DDT haimwui tena. Mkulima anayempiga dawa ileile kila wiki anashindana na mdudu mwenye uzoefu mrefu sana wa sumu.

Michungwa asili yake ni Asia. Kipepeo wa Afrika aliijuaje?

Swali zuri, na jibu lake linaeleza mengi. Kabla michungwa haijaletwa, kipepeo yule alikuwa akitaga kwenye miti yetu ya porini iliyo ya ukoo mmoja na mchungwa. Miti hiyo ina mafuta yenye harufu kwenye majani, kama mchungwa. Mchungwa ulipofika, miguu yake ikasoma kitu kilekile.

Mahindi nayo yametoka Amerika na kufika pwani hii baada ya Wareno kuanza kuja. Bungua wa Kiafrika, ambaye alikuwa akila mtama na nyasi za porini, akahamia. Mkonge una kisa tofauti. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikabaki hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mdudu mkubwa wa mkonge ni fukusi wake, naye pia asili yake ni Amerika, kwenye jamaa za mkonge. Hapa adui ndiye aliyesafiri kuufuata mmea wake. Kwa hiyo zao geni linapata wadudu kwa njia mbili: wa kwao wanaolifuata, na wa hapa wanaolifananisha na kitu wanachokijua.

Kama muhogo una sumu, mbona unaliwa na wadudu?

Sumu ya muhogo ni sianidi, lakini ndani ya jani zima haijawa sianidi bado. Iko katika sehemu mbili zilizotenganishwa, na zinakutana jani linapotafunwa. Panzi anayetafuna ndiye anayeikuta. Kule Afrika Magharibi watafiti walimchunguza panzi mmoja wa rangi rangi, jamaa wa huyu wetu anayenuka, wakaona kuwa wale wadogo hulikataa jani bichi la muhogo wakishaling'ata, lakini jani lililonyauka wanalila. Likishanyauka halitoi tena sianidi kwa kasi ile. Ukipunguza matawi ukaacha majani yanyaukie shambani, umewaandalia.

Inzi mweupe hatafuni. Anapenyeza mdomo mwembamba kama unywele katikati ya seli mpaka kwenye mirija ya utomvu, anakunywa, na haivunji ile mizani ya sumu. Ndiyo maana unaweza kuwa na muhogo mchungu kabisa na bado kileleni pamejaa inzi weupe.

Inzi weupe wa nyanya zangu watahamia kwenye muhogo?

Kwa kawaida hapana, ingawa kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wote wanaitwa jina moja la kitaalamu, Bemisia tabaci, lakini ndani ya jina hilo kuna makundi mengi yasiyozaana. Lile linaloujaza muhogo wa Afrika Mashariki ni tofauti na yale yanayosumbua nyanya. Hofu yako ielekeze kwenye muhogo wa jirani, na kwenye mbegu unayopewa bure.

Mkoa wetu una historia katika jambo hili. Batobato ya muhogo iliandikwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894, na ilionekana Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na mtafiti Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani. Magonjwa yote mawili yanaenezwa na inzi weupe na kwa pingili zenye ugonjwa. Kazi ya Amani ya kuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini ndiyo iliyozaa mbegu za kwanza zilizovumilia.

Shamba la jirani limepona, langu limeisha. Je, hii si husda?

Nalijibu kwa heshima, maana anayeuliza amepata hasara ya kweli na ameona kwa macho yake mpaka mmoja ukitenganisha uzima na uharibifu. Lakini nikikaa na mtu tukahesabu, karibu kila mara tunakuta sababu shambani.

Ya kwanza ni tarehe. Aliyepanda mwanzoni mwa masika anakuwa na mahindi yaliyokomaa majani wakati nondo wa kizazi cha pili wanaruka. Aliyechelewa ndiye pekee mwenye majani machanga kijiji kizima. Nondo wote waliozaliwa kwenye mashamba ya waliotangulia wanatafuta mahindi machanga, na wanayakuta kwake. Kwa bungua na kwa viwavijeshi vamizi, kuchelewa kupanda ni moja ya sababu kubwa za hasara ninazoziona.

Ya pili ni mbolea. Watu hawapendi kusikia hili, maana urea wameinunua kwa bei. Mdudu anatafuta naitrojeni kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mwili wake umejengwa kwa protini na majani yana kidogo. Ukiimwaga urea nyingi kwa mara moja, majani yanakuwa laini, ya kijani kilichokolea, na utomvu unajaa vyakula ambavyo kidukari anavihitaji ili azae haraka. Sisemi usitie mbolea. Igawe, uitie kwa kipimo, na uchanganye na samadi iliyooza vizuri.

Ya tatu ni mabua ya msimu uliopita. Kiwavi wa bungua anaweza kulala ndani ya bua kavu kiangazi chote akisubiri mvua. Jirani aliyelisha ng'ombe wake mabua, au akayakata na kuyaanika chini yakapigwa na jua kali, amewaua wengi bila kujua. Wewe uliyeyaacha yamesimama umewafuga.

Na mara nyingine ni mbegu tu: majani yenye manyoya mengi, ukubwa wa jani, ugumu wa bua. Vitu vidogo hivi nondo anavipima kwa miguu na kwa ncha ya mkia wake kabla hajataga.

Mama mdudu anachagua vizuri siku zote?

Hapana, na kosa lake ni faida yetu. Kuna mimea inayomvutia kuliko zao lako, lakini watoto wake hawaishi juu yake. Mfano bora kwa Afrika Mashariki ni mabingobingo, zile nyasi ndefu za malisho. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Kenya pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza walilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1990, wakatoa kilimo cha sukuma-vuta. Unazungushia shamba la mahindi mabingobingo, na katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde.

Mabingobingo ndiyo yanayovuta. Giza likiingia, katika saa ile ya kwanza, mabingobingo yanaongeza harufu yake karibu mara 100, na hapo ndipo nondo wa bungua wanapotoka kutafuta pa kutagia. Anavutwa, anataga huko. Viwavi wakianguliwa na kuanza kutoboa, mmea unatoa utomvu unaonata unaowagandisha, na wachache sana wanafika utu uzima. Mwenye ng'ombe anakata mabingobingo yaleyale kwa ajili ya malisho.

Desmodiamu ni upande wa kusukuma. Hapa wataalamu bado wanajadiliana: wengine wanasema harufu yake ndiyo inayowakera nondo, wengine wamepima shambani na kukuta harufu hiyo ni ndogo, na wanatafuta sababu nyingine. Lililo wazi ni kwamba mizizi yake inazuia kiduha kwa kuyafanya magugu hayo yaote na kufa kabla hayajajishika kwenye mzizi wa mahindi, na kwamba inarutubisha udongo. Kwa hilo peke yake ningeipanda.

Ni kweli mahindi yanaweza kuomba msaada?

Yanaweza, na katika maswali yote haya hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine. Jani la mhindi likitafunwa na kiwavi linabadilisha harufu yake. Mate ya kiwavi yanachangia. Ukilikata kwa kisu tu, harufu haiwi ileile. Nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi wanaifuata harufu hiyo, wanamfikia kiwavi na kumchoma. Mwaka 2011 watafiti wa icipe walionyesha jambo kubwa zaidi: baadhi ya mbegu za asili zinaanza kuita nyigu pindi bungua anapotaga mayai juu ya jani, kabla hata kiwavi hajazaliwa. Mbegu za kisasa walizozilinganisha nazo hazikufanya hivyo.

Ninaposikia mtu wa Handeni anasema mbegu ya bibi yake "hailiwi sana na wadudu", simkatalii. Mbegu chotara zina mavuno yake na zina mahali pake. Lakini kuzitupa zile za zamani bila kuzihifadhi hata kibuyu kimoja kunanisikitisha sana, maana tunapoteza kitu ambacho hakuna duka la pembejeo linalokiuza.

Kuchanganya mazao kunasaidia au kunapunguza nafasi tu?

Kunasaidia kwa wadudu wachaguzi, na sababu yake haihitaji harufu ya kufukuza. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza, Finch na Collier, walieleza walivyoona kwa inzi anayeshambulia mizizi ya kabichi. Inzi yule anatua kwenye kitu chochote cha kijani, kiwe kabichi kisiwe. Akitua kwenye kabichi anagonga jani, anaruka kidogo, anatua tena, na anahitaji kukutana na kabichi mara kadhaa mfululizo ndipo aamini na kutaga. Shamba likiwa la kabichi tupu kwenye udongo mtupu, kila anapotua ni kabichi. Likiwa limechanganyika na kijani kingine, anatua pasipo, anaanza upya, anachoka, anaondoka.

Hivyo palizi ya kuacha udongo mweupe kabisa, ambayo wengi wetu tunaionea fahari, inamrahisishia kazi inzi wa namna hii. Kwa mahindi, utafiti wa Kameruni ulikuta bungua wachache zaidi yalipochanganywa na muhogo au mikunde. Wazee wa pwani walikuwa wakipanda mahindi, muhogo na kunde pamoja siku zote. Kwa mdudu anayekula kila kitu, hata hivyo, usitegemee muujiza.

Kama viwavijeshi vamizi?

Ndiyo. Waligunduliwa Afrika mwaka 2016 wakitokea Amerika, na mwaka 2017 walikuwa Tanzania. Wameandikwa kwenye mimea zaidi ya 350, lakini hapa kwetu wanayapenda mahindi. Mama anataga mayai kwa fungu, mengi yakiwa 100 hadi 200, na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Tena huyu hachagui sana: fungu unaweza kulikuta hata kwenye ukuta wa nyumba. Watoto wake ndio wanaomalizia uchaguzi. Wakianguliwa wanajiachia kwa uzi mwembamba, upepo unawabeba mpaka mmea wa jirani. Ukiona majani yana madirisha madogo meupe yanayopitisha mwanga, ndio hao, bado wadogo, na siku hizo chache ndizo za kuwapata.

Mwarobaini unawafukuza wadudu kwa harufu?

Zaidi ni kwa ladha, na kwa kinachotokea wakishakula. Mwaka 1959 Mjerumani Heinrich Schmutterer akiwa Sudan aliona nzige wakimaliza kila kitu na kuiacha miarobaini ikiwa ya kijani. Ndani yake kuna azadiraktini. Wadudu wengi wakiionja wanaacha kula, na wakila kidogo wanashindwa kujivua gamba ili wakue. Haiui papo hapo kama dawa ya dukani, kwa hiyo usiende kuhesabu mizoga kesho yake. Tazama kama majani mapya yametafunwa.

Iko nyingi kwenye mbegu kuliko majani, na jua linaiharibu haraka. Twanga mbegu kavu, loweka usiku, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike kwenye majani, pulizia jioni. Hata mwarobaini wenyewe una wadudu wake walioizoea sumu hiyo, wakiwemo wadudu magamba.

Nimetundika mitego ya harufu, inajaa inzi, lakini maembe bado yanaoza. Kwa nini?

Kwa sababu mitego mingi ya aina hiyo ina kemikali ya harufu iitwayo methili yujenoli, na wanaovutwa nayo ni madume. Jike ndiye anayechoma embe, na yeye anatafuta vitu viwili: chakula cha protini ili mayai yakomae, na tunda linaloanza kuiva. Mtego wa madume unapunguza wa kupandana nao, lakini jike aliyekwisha pandwa haendi kwenye mtego huo.

Inzi huyu wa matunda ametoka Asia. Alionekana kwanza Afrika pwani ya Kenya mwaka 2003, kisha akaenea. Watu wa mjini Tanga na Bagamoyo mnanisaidia hapa: okoteni kungu. Mkungu tunaoupenda kwa kivuli pale ufukweni ni mmoja wa mimea anayoizalia sana, na unamlea wakati maembe hayapo. Mapera pia. Matunda yaliyoanguka yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uliokazwa, uache juani siku kadhaa. Kuyafukia kijuujuu hakutoshi. Inzi anapanda juu.

Minazi yangu imetobolewa kileleni na vidaka vinapukutika. Ni mdudu mmoja?

Ni wawili, na wanachagua kwa namna tofauti kabisa. Anayetoboa ni chonga, mbawakavu mkubwa mweusi mwenye pembe. Mkubwa anaingia kwenye kilele cha mnazi ulio hai kunywa utomvu. Lakini mayai hatagi huko. Anataga kwenye gogo la mnazi linalooza au lundo la samadi. Dume akipata mahali anatoa harufu inayoita wengine, madume kwa majike. Kwa hiyo mnazi uliokufa ukaanguka ukaachwa ulale ndio unaoivunja minazi iliyo hai. Pasua magogo, yachome au yatawanye yakauke.

Wa pili ni mdudu mfyonzaji, Pseudotheraptus wayi, anayechoma vidaka kwa mdomo wake na kuviangusha. Huyu ananyonya pia korosho. Anapochagua mti anaangalia na usalama: minazi yenye majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani kuwa viota, ina vidaka vingi zaidi, maana hawamwachi mfyonzaji atulie. Kule Benin watafiti waliona hata inzi wa matunda wanayakwepa maembe yaliyopitiwa na majimoto, kwa ile harufu tu wanayoiacha. Najua wanauma, na wapanda minazi hawawapendi. Lakini anayewachoma moto anawafukuza walinzi wake.

Kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, akimaliza nyanya, nipande nini?

Usipande viazi mviringo, bilinganya wala nyanyachungu. Ni ukoo mmoja na nyanya, atabaki. Panda mahindi, maharage, vitunguu au kabichi. Na ung'oe mnavu unaojiotea pembeni, maana anajificha humo.

Utitiri nao unachagua hivyo hivyo?

Utitiri si mdudu, una miguu minane, na unasafiri zaidi kwa upepo. Nitauandikia peke yake.

Nikitaka kuwachunguza, niende shambani saa ngapi?

Inzi weupe uwatazame alfajiri, kabla jua halijawachangamsha. Geuza jani la juu la muhogo taratibu kwa kulishika kikonyo, ukilitikisa watapeperuka. Nondo uwatazame jioni giza linapoingia, ukiwa na tochi, ukianzia mistari ya pembeni upande upepo unakoelekea. Mayai yatafute mchana, kuanzia wiki ya kwanza mahindi yanapochomoza: chini ya majani kwa viwavijeshi, na kwa bungua wa pwani tafuta mafungu bapa ya mayai yaliyolaliana kama magamba ya samaki. Kule juu milimani bungua mwingine huyaficha kati ya ala ya jani na bua, kwa hiyo ifunue ala kwa kidole. Ukiyakuta yaponde hapo hapo, ila yaliyogeuka meusi tii yaache: mara nyingi hayo yana nyigu ndani. Kiwavi akishaingia ndani ya bua, dawa unayopulizia juu ya majani haimfikii tena.